Muulize Mjomba: Kura niiweke nyumbani ama hapa ninapolipa nyumba?

Tangu IEBC, tume ya uchaguzi, ifungue tena usajili wa wapiga kura tarehe 29 Septemba 2025 barua za safu hii zimebadilika kabisa. Mlikuwa mnaniuliza mambo ya mapenzi na mikopo ya simu, siku hizi ni siasa na nyumbani, nyumbani na siasa. Nimechagua barua nne. Majina nimeyaficha, hata ya wale mliosaini majina kamili, manake wazazi wenu pia wanasoma hapa.

*

Mjomba mambo. Nina miaka 24, nakaa Pipeline hapa Embakasi na nafanya kazi kwa duka la spea za pikipiki. Nyumbani ni Siaya, Alego. Sijawahi kupiga kura, 2022 niliona hainihusu. Saa hii nataka kujisajili, na mzee wangu anasema nisithubutu kujisajili Nairobi, nipande gari nikajisajili nyumbani ati kura zetu zisipotelee kwa mji wa watu. Nikamwambia mimi sina chama, na 2024 mwezi wa sita nilikuwa tao kwa maandamano na hakuna mtu aliniuliza natoka wapi tukikimbizwa na tiagasi. Akanyamaza, alafu akasema kama Baba, yaani Raila, angekuwa hai singeongea hivo, na ati hata simba, ile nyumba ya kijana kwa boma la babake, sijajenga na nishaanza kujifanya mtu wa Nairobi. Tangu hiyo siku simu zangu hashiki, anaongea na mamangu tu. Mjomba mimi nyumbani napenda sana, sitaki ionekane nimekana watu wangu. Nifanyeje?
Kijana wa Pipeline

Mpwa, tuanze na hesabu kwanza, hayo mengine ya moyo yatachukua muda.

Tarehe 10 Agosti 2027 ukifika kituoni utapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA, yaani mwakilishi wa wadi. Ya rais ukiipigia Pipeline ni moja na ukiipigia Alego ni moja, haiongezeki uzito ikivuka Nakuru. Mahali panaingia kwa hesabu ya rais kwa njia moja tu, kwamba mshindi lazima apite nusu ya kura zote na pia apate angalau asilimia 25 kwa zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Na sidhani mzee wako anakosa usingizi juu ya asilimia 25 ya Siaya. Kwa hivyo kama ni kura ya rais inamuuma mwambie aache, hiyo haiendi popote.

Zinazohama ni zile zingine tano. Na hapo ndio nakuuliza, kwa mwaka unalala Alego usiku ngapi? Krisi, matanga mawili matatu, basi. Siku zote zilizobaki uko Pipeline, kwa hizo ploti zimebanana mpaka nyumba ya chini inawashwa taa saa sita mchana, unanunua maji kwa mtungi, taka inamwagwa kando ya barabara na kanjo wanazunguka kutafuta nani hana kibali. Taka, zahanati, soko, chekechea, barabara za mtaa, vibali vya ujenzi, hizo ni kazi za kaunti. Gavana wa Siaya hata akupende namna gani hawezi kutuma lori lizoe taka ya Embakasi. Anayeweza ni yule wa Nairobi, na yule wa Nairobi anajua vizuri sana kwamba nusu ya watu wa ploti yako siku ya kura wako kwa basi wanaelekea ocha. Hana sababu ya kukuogopa.

Sasa upande wa mzee, manake pia ana haki yake. Wazazi wako wako kule, zahanati ambayo mama anaenda kupimwa presha iko kule, na kama una mdogo wako sekondari fomu yake ya basari inagongwa mhuri na chifu wa kule. Mtu ambaye ana mpango wa kurudi akalime ama akafungue biashara Siaya ndani ya hii miaka mitano, huyo mimi nitamwambia ajisajili nyumbani bila kusita. Wewe barua yako haina hata mstari mmoja wa kurudi. Una spea za pikipiki na una nyumba ya kulipa tarehe 5.

Lakini hiki ndicho nataka ukishike, kwa nini wanasiasa wanahangaika sana kura yako iende nyumbani ikiwa ya rais ni ileile? Ni kwa sababu kura za nyumbani ndizo mtu anaingia nazo kwa chumba cha mazungumzo. Kiongozi wa eneo akienda kuongea na mwenzake wa eneo lingine hasemi nina watu wenye mawazo haya na haya, anasema mimi nina milioni moja na nusu, wewe unaleta ngapi? Kura iliyojumlishwa Siaya inaonekana ni ya Siaya, ina mwenyewe. Kura yako ya Pipeline imechanganyika na ya Mkamba na ya Mkisii na ya Mluhya, hakuna mtu anaweza kuibeba kwa mkoba. Ndio maana hawaipendi. Wewe mwenyewe umeona vile ilienda, Julai 2024 damu haijakauka vizuri barabarani na watu wa ODM, chama cha Raila, wanaitwa kwa baraza la mawaziri, alafu 7 Machi 2025 Ruto na Raila wanaweka saini makubaliano yao, na vijana wa Nyanza waliokuwa tao na wewe wakaanza kuambiwa watulie manake sasa tuko ndani. Hakuna mtu alipiga simu Pipeline kuuliza kama pia wewe umeingia ndani.

Hapo usinielewe vibaya. Mzee wako si mjinga na si mtumwa wa chama, na mkiongea hivo na yeye utamkosea. Jaribu kuona alipotoka. 25 Oktoba 1969 Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali, yeye na Jaramogi, babake Raila, wakarushiana maneno mbele ya umati, na walinzi wakapiga watu risasi. Siku chache baadaye KPU, chama cha Jaramogi, ikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Kutoka hapo mpaka 1992 kulikuwa na KANU na kulikuwa na kunyamaza. 1990 waziri Ouko akauawa. 2007 unaijua. Mtu aliyeishi hayo yote chama kwake hakikuwa sera na manifesto, kilikuwa pahali pa kujikinga, na kushikana ndiyo ilikuwa silaha pekee, ukiachilia mmoja wote wanapigwa. Alafu Oktoba 2025 akamzika Raila pale Bondo. Wewe unamwambia sina chama mwaka uleule amemzika kiongozi aliyemfuata maisha yake yote, na unamwambia kwa simu! Ningekuwa yeye pia mimi singeshika.

Kwa hivyo hii maneno usiimalize kwa simu. Nenda nyumbani, na usifike na mjadala, fika na mabati. Ile simba aliyoitaja hakuitaja bure, anakuambia kitu ambacho anaogopa, kwamba mtoto anaondoka. Umesikia kesi ya S.M. Otieno? Wakili mkubwa wa Nairobi, alifariki Desemba 1986, mjane wake Wambui akataka kumzika kwa shamba lao kule Ngong, ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, na kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Rufani, akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Karibu miezi mitano mwili uko mochari. Mimi uamuzi ule sikuupenda, na mpaka leo naona Wambui alionewa, lakini unaonyesha wazee wa kwenu wanahesabu kitu gani. Wanahesabu ukoo, boma, kaburi. Kituo cha kura hakimo hata kidogo, hicho kimechomekwa na wanasiasa. Mjengee mzee simba yake, muoneshe uko, alafu jioni mkishakula mwambie kura nimeweka Embakasi kwa sababu hii na hii na hii, na hiyo ya rais tutaongea tukifika.

Na akikuambia watu wa nyumbani hupiga suti, yaani chama kimoja kutoka juu mpaka chini, mwambie aangalie jirani zake wa Ugenya. Wale walimchagua David Ochieng wa MDG kwa uchaguzi mdogo wa 2019 na wakamrudisha tena 2022, ODM ikiwa na mtu wake hapo hapo. Ugenya haijahamishwa Siaya kwa sababu hiyo. Hata Nairobi 2022 wengi walimpigia Raila urais na gavana wakapata Sakaja wa UDA, chama cha Ruto. Kama uamuzi ulikuwa mzuri ama mbaya hiyo ni kesi nyingine, nasema tu inawezekana kuchagua karatasi moja moja.

Ukienda kujisajili beba kitambulisho chenyewe, si picha yake kwa simu.

*

Hi Mjomba. Mimi ni msichana, niko mwaka wa tatu chuo, nimezaliwa Nakuru na nimelelewa Nakuru. Baba ni Mkipsigis na mama ni Mkikuyu. Krismasi tulikuwa kwa meza moja, wajomba upande wa mama wanasema wantam, yaani Ruto muhula mmoja tu, wajomba upande wa baba wanasema tutam, yaani mihula miwili, alafu mmoja akaniangalia akaniuliza sasa wewe uko side gani. Wote wakanyamaza wakingoja. Nilisema naenda kuangalia chai. Mjomba mimi kusema ukweli sijui niko wapi, na kila mtu anachukulia lazima niko mahali.
Wa Katikati, Nakuru

Kuangalia chai ilikuwa jibu zuri, usilidharau.

Mimi hao wajomba wako ningewauliza swali moja tu, mlikuwa wapi jana. 1992 na 1997 upande mmoja ulikuwa na KANU na mwingine na upinzani, na Bonde la Ufa likachomeka. 2007 mmoja ODM mwingine PNU ya Kibaki, na tukazika watu zaidi ya 1,100, wengi wao hapo kwenu Bonde la Ufa. Miaka mitano tu baadaye, 2013, walewale wakaingia lori moja la Uhuru na Ruto wakaimba pamoja, 2017 wakaimba tena, 2022 wakampa Ruto kura pamoja, na Oktoba 2024 Gachagua, Mkikuyu aliyekuwa naibu wa Ruto, akang'olewa na Seneti na wakaachana tena. Babako na mamako wamekaa kwa ndoa moja hiyo miaka yote wakiwa maadui, ndugu, maadui, ndugu, bila wao wenyewe kuhama hata nyumba! Sasa wewe uambiwe damu yako ina msimamo? Damu gani hiyo inabadilika kila uchaguzi.

Na usifikiri uko peke yako. Sensa ya 2009 watu zaidi ya laki 6 walipoulizwa kabila walijibu Mkenya, wakaandikwa hivohivo. Si wote walikuwa wa baba huku mama kule, wengine walikuwa wamechoka tu.

Kitu kimoja nitakukatalia. Hiyo ya kusema sijui niko wapi, uko Nakuru. Una gavana, una mbunge, una MCA ambaye nakubet hujui jina lake. Unaijua barabara gani mvua ikinyesha haipitiki kuliko wajomba wote wa pande zote mbili. Anza hapo, na Krismasi ijayo wakikuuliza side gani waulize wao MCA wako anaitwa nani, uone kimya kingine.

*

Assalaam aleikum Mjomba. Mimi ni kijana wa Malindi, fundi wa friji na AC mahotelini, msimu ukiisha nakaa bure. Sisi Wapwani kila uchaguzi tunabebwa na vyama vya bara, mara chungwa la ODM, mara wilbaro ya UDA, wakishapata wanapanda ndege wanarudi kwao. Babu yangu alikaa kwa hiyo ardhi yetu miaka yote na bado tunaitwa maskwota. Mimi nataka chama chetu sisi, cha Pwani, viongozi wetu, tusimame wenyewe. Rafiki zangu wananicheka wananiita MRC, wale waliotaka Pwani ijitenge. Kwani mtu kupenda kwao ni kosa?
Mwana wa Pwani

Waaleikum salaam mpwa wangu. Si kosa, na wanaokucheka hawajui historia. Hiyo hasira yako ina umri kuliko mimi na wewe. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ndiyo iliyowageuza watu wengi wa Pwani kuwa wageni mahali walipozaliwa, manake ardhi ambayo hakuna aliyekuja na madai mbele ya mzungu ilihesabiwa ya serikali, na wale waliojua habari na kusoma makaratasi ndio waliojiandikisha. Babu wa babu yako alikuwa shambani siku hiyo.

Lakini chama cha Pwani, hapo tuongee polepole kidogo, kwa sababu si wazo jipya. Ronald Ngala, mtu wa Kilifi kama wewe, alikuwa kiongozi wa KADU, na KADU ndiyo iliyopigania majimbo mpaka yakaingia kwa katiba ya 1963. Novemba 1964 chama kikavunjwa, wabunge wakavuka kwenda KANU, majimbo yakafa. 1997 ikaja Shirikisho, ikapata kiti kimoja bungeni. MRC haikuwa chama, lakini ile Pwani si Kenya yake kila mtoto aliijua, serikali ikaipiga marufuku 2010 na mahakama kuu Mombasa ikaondoa marufuku hiyo Julai 2012. Alafu juzijuzi 2022 PAA, chama cha Kingi aliyekuwa gavana wa Kilifi, iliyoanza ndani ya Azimio ya Raila, ikahamia Kenya Kwanza ya Ruto miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na baada ya uchaguzi Kingi akawa Spika wa Seneti.

Nakuuliza wewe unayetengeneza friji. Hicho cha mwisho kilikuwa chama cha watu wa Pwani, na kilifika mezani kweli. Shamba la babu yako lilifika nalo?

Simlaumu Kingi peke yake, ndivyo vyama vya eneo vinavyofanya kazi hapa Kenya, kule Magharibi ni hivohivo, Ukambani ni hivohivo. Vinakusanya watu kwa uchungu wa kweli, ardhi, bandari, kazi, alafu uchungu ukishageuzwa kuwa namba, namba inauzwa na uchungu unabaki nyumbani. Na kisheria pia ujue, ibara ya 91 ya katiba hairuhusu chama kijengwe kwa msingi wa eneo ama kabila ama dini, kwa hivyo hata ukikianzisha itabidi ukipe jina la Afrika nzima na ofisi Turkana.

Sasa angalia mambo mawili yaliyotokea kwenu bila chama chenu. La kwanza ni shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, watu wamekaa na kesi miaka na miaka. Januari 2016 Uhuru akaja akatoa hati. Mombasa 2013 ilikuwa imempigia Raila kwa wingi tu, hawakuwa watu wake. Alikuja kwa nini? Kwa sababu 2017 ilikuwa karibu na alidhani anaweza kuwapata. Mimi sisemi alifanya kwa upendo, na hizo hati zilikuja na deni la kulipa ambalo watu wa Likoni walilipigia kelele haki yao. Nasema tu mtu ambaye kura yake haijulikani inaenda wapi hutafutwa, na yule ambaye kura yake iko kwa kabati ya chama, chungwa ama wilbaro ama hicho chako, anangoja.

La pili ni kontena. 2019 serikali ikasema mizigo yote iende bara kwa reli ya SGR, madereva wa malori na makarani na mama ntilie wa Changamwe na Miritini wakaona njaa, na vijana wakaanza kuandamana Mombasa kila Jumatatu. Mle ndani kulikuwa na wa ODM, wa Jubilee, wasio na chama, Mswahili, Mmijikenda, Mkamba aliyezaliwa Bondeni, wote wa bandari moja. Mpaka uchaguzi wa 2022 kila mgombea wa urais alikuwa lazima aseme kitu juu ya bandari, na Ruto siku anaapishwa 13 Septemba akatangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Hilo ndilo la kupenda kwenu ninalolielewa mimi. Lilikuwa na jambo moja, linajulikana, linaweza kuulizwa limefanyika au halijafanyika.

Kwa hivyo ushauri wangu ni kwamba usiache huo uchungu wako, ila uvue jezi. Tafuta namba ya hiyo ardhi yenu, kuna wazee hapo kwenu wana makaratasi ya tangu mkoloni wameyafungia kwa bahasha chini ya godoro, uliza kama iko kwa mpango wowote wa makazi wa serikali, nenda na wenzako mkiwa wengi, na kila anayekuja kuomba kura, wa bara na wa kwenu, wa kwenu hasa, mwekeni chini awajibu kwa namba hiyo. Watu wa Kwale walifanya yao 2022, urais wakampa Raila wa Azimio na ugavana wakampa Achani wa UDA. Hakuna aliyewaita wasaliti wa Pwani, na kama yuko basi hakusikika.

MRC wakikuita, waache. Kuna majina mabaya zaidi.

*

Mjomba salamu kutoka Doha. Kwetu ni Vihiga, hapa nafanya sekuriti. Tuna grupu ya WhatsApp ya kijiji, zamani ilikuwa ya matanga na fizi za shule za watoto, sasa admin ameanza mchango wa kumsimamisha "mtu wetu" kiti cha MCA, kila aliye ng'ambo elfu tano. Niliuliza huyo mtu wetu ana mpango gani na zahanati ambayo haina dawa, nikatolewa kwa grupu. Nirudishwe ama nijitoe kabisa? Na huku naweza kupiga kura?
Askari wa Doha

Kupiga kura unaweza, ila ya rais peke yake, walio nje hawachagui gavana wala MCA. 2022 vituo vya nje vilikuwa kwa nchi 12 na Qatar ilikuwa moja wapo, na walioandikishwa nje kote duniani walikuwa kidogo zaidi ya 10,000 tu. Hiyo ni aibu ukiangalia pesa mnayotuma, lakini vituo navyo ni vichache na mtu wa shifti za saa 12 ataenda saa ngapi. Fuatilia ubalozi mapema na pasipoti yako iwe haijaisha.

Hiyo ya grupu imenifurahisha. Yaani kijiji kizima kiko na mtu mmoja aliyeuliza habari ya dawa na ndiye ametolewa! Na usifikiri ni wazee pekee wanafanya hivo, hao maadmin wengi ni vijana wa rika yako. IEBC ilisema wapiga kura wa miaka 18 mpaka 34 walikuwa asilimia 39.84 ya rejista ya 2022, na idadi yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 5.27 kutoka 2017. Wengi wa rika yenu walibaki nyumbani, na baadhi ya waliobaki kwa siasa ndio hao wanaokusanya elfu tano tano. Nafasi ikiachwa inajazwa na mwenye kelele.

Usiombe kurudishwa. Mpigie mama mmoja unayemwamini pale kijijini, muulize ni dawa gani zinakosekana na ni watoto gani wamefukuzwa shule juu ya fizi, na elfu tano yako iende hapo moja kwa moja kwa simu ya shule, upate risiti. Matanga endelea kuchanga, hiyo usikose, mtu akifa hana chama. Na mtu wenu akija kwa inboksi binafsi kukuomba, na atakuja manake wa Doha hawasahauliki, mwambie atume kwanza kwa maandishi atafanya nini na ile zahanati. Akituma, nitumie na mimi nione, sijawahi kuona MCA akiandika.